Uzoefu wangu: miezi minne na kronografu ya macho mawili

Risasi ya kwanza niliyopima kwa kronografu, kifaa cha kupimia mwendo wa risasi, ilisoma mita 412 kwa sekunde. Ingekuwa kweli, bastola yangu ya hewa ingekuwa inaipita sauti, ambayo kwenye hewa ya nyuzi 20 husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na kila aliyekuwa kwenye safu ya kulengea angeruka kwa mlio. Hakuna aliyeruka. Bastola ilitoa kile kikohozi chake kidogo cha siku zote. Risasi ya pili haikusoma kitu. Ya tatu ikasoma 96. Nikaweka bastola chini, nikafungua kijitabu cha maelekezo, kazi ambayo ningeifanya mapema kama nisingekuwa na haraka ya kumshinda mtu.

Maana kifaa hiki nilikinunua kwa sababu ya ubishi. Bastola yangu ya shabaha ya mita 10, ile yenye mtungi unaojazwa hewa hadi msukumo wa bar 200, ilianza kupiga chini, sentimita 2, siku nyingine 3. Mwenzangu ninayefanya naye mazoezi akasema imechoka, nguvu imepungua, ipeleke kwa fundi. Mimi nikasema mbona mlio ni uleule. Tukabishana wiki mbili. Peleti, kile kirisasi kidogo cha bastola ya hewa, hutumia kama moja ya kumi na tano ya sekunde kumaliza mita 10. Hapo jicho halioni kitu na sikio linabahatisha.

Kifaa chenyewe ni sanduku bapa lenye macho mawili yanayotazama juu, sentimita 30 kati ya jicho na jicho. Juu ya kila jicho kuna fito mbili zilizoshika kipande cha plastiki nyeupe. Peleti ikipita juu ya jicho la kwanza, kivuli chake huanzisha saa. Ikipita la pili, saa husimama. Umbali unajulikana, muda umepatikana, kilichobaki ni kugawanya. Kwa mita 150 kwa sekunde safari hiyo huchukua milisekunde 2. Nikikumbuka kwamba katika karne ya 18 Mwingereza Benjamin Robins alipima mwendo wa risasi kwa kuipiga kwenye gogo lililoning'inizwa na kuangalia limebembea kiasi gani, naona sina haki ya kulalamika sana. Lakini nitalalamika.

Tatizo la ile 412 lilikuwa taa. Taa nyingi za LED na tubulaiti hupepesa mara 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wenu ni wa hezi 50 au 60. Sisi hatuoni, ila lile jicho linaona, na kila mwanga unapofifia linadhani kuna kitu kimepita. Nilizima taa zote za juu, nikawasha taa mbili za haloji, zile zenye waya unaowaka, nikazielekeza kwenye zile plastiki nyeupe kutoka juu. Namba zikatulia papo hapo: 150, 149, 150, 151. Nje ya nyumba mambo ni mepesi zaidi, hasa siku ya mawingu ambapo anga lote ni kama plastiki moja kubwa nyeupe. Jua kali likimulika moja kwa moja ndani ya macho, usahau. Kuna matoleo yenye taa zake ya infraredi; kama unapimia ndani siku zote, ongeza hela ununue hilo. Mimi sikujua.

Kisha kuna suala la kukipiga kifaa chenyewe. Ndiyo, nimekipiga. Watu hucheka mpaka yawafike. Kilengeo cha bastola kiko juu ya mtutu, sentimita 2 au 3, na ukiwa karibu peleti bado haijapanda kufikia mstari wa jicho lako. Unaona kupitia kilengeo kwamba nafasi ipo, unabonyeza triga, na ufito mmoja unaondoka. Bahati ilikuwa ni ufito, si kioo. Sasa naegemeza mkono juu ya mfuko wa mchanga, natazama usawa wa mtutu wenyewe kutoka ubavuni kabla ya kupakia, na nyuma ya yote nimeweka kisanduku cha chuma cha kunasia risasi. Miwani ya kinga haitoki usoni. Kipande cha peleti kikigonga chuma cha stendi hakichagui pa kurudi.

Usikaribie sana pia. Hewa inayotoka mtutuni pamoja na peleti, na hasa ule ukungu mweupe wa gesi ya kaboni dioksaidi, inaweza kuliamsha jicho la kwanza kabla peleti haijafika, nawe ukapata namba ya ajabu inayofanana na ukweli. Hizo ndizo namba mbaya kuliko zote. Ile 412 hakuna anayeiamini, lakini 141 katikati ya 150 unaweza kuilalia usiku mzima. Mimi naacha karibu mita moja kutoka mtutuni.

Usahihi je? Sanduku langu ni la kukunja. Bawaba yake isipofunguka mpaka mwisho, macho yanakaribiana, na milimita 3 tu kati ya sentimita 30 ni asilimia 1: 150 inageuka 151.5. Ukipiga mshazari, safari inarefuka na namba inashuka, ingawa hilo ni dogo. Mshazari wa nyuzi 5 haufikishi hata nusu asilimia. Mwenzangu mwingine ana kronografu ya rada, ile unayoiweka pembeni ya bastola bila kupitisha kitu juu ya kitu. Tulizipima pamoja risasi 10 hizohizo, na tofauti kati ya yake na yangu haikuzidi mita 1. Ya kwake haijali taa na haipigwi risasi. Nilimwonea wivu. Hata hivyo peleti ni kitu kidogo mno, na si kila rada huikamata. Ya kwake iliruka mbili kati ya zile kumi.

Turudi kwenye ubishi. Risasi 20 za bastola ya mashindano, peleti za gramu 0.53 zenye kichwa bapa: ya chini kabisa 148.6, ya juu 151.2. Nilikaa na kikokotoo. Kwa mita 150 kwa sekunde, peleti hushuka sentimita 2.2 hivi kabla ya kufika shabaha ya mita 10, na ile tofauti ya 148.6 na 151.2 haifiki milimita moja kwenye karatasi, wakati duara la kumi, lile la katikati lenye alama nyingi kuliko yote, lina upana wa milimita 11.5. Ili bastola ipige sentimita 3 chini zaidi kwa sababu ya kuchoka, mwendo ungelazimika kuanguka chini ya mita 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mwenzangu alikosea. Nami nilikosea, maana nilikuwa nimeanza kuulaumu mkono wangu na kununua mpini mpya. Skrubu ya kilengeo cha nyuma ilikuwa imelegea. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye bastola yangu kuna kama sentimita 33. Cha nyuma kikishuka milimita 1, shabahani ni sentimita 3. Bisibisi moja, dakika moja.

Ningeishia hapo ningesema nimetupa hela. Kilichonifanya nikithamini kifaa ni jambo ambalo sikulitafuta. Asubuhi moja nilipima bila kupasha bastola moto, risasi ya kwanza kabisa baada ya usiku mzima: 157. Ya pili 151, zilizofuata 150. Nikadhani ni taa tena. Kesho yake, 157. Keshokutwa, 156. Hiyo ni regyuleta. Kazi yake ni kupunguza msukumo wa mtungi hadi kiwango kimoja na kufunga; sili yake ikichakaa, hewa huendelea kupenya polepole wakati bastola imelala, na risasi ya kwanza inakuta imelimbikiziwa. Fundi aliifungua akabadilisha sili, na tangu hapo risasi ya kwanza haitofautiani na ya ishirini. Bila namba nisingelijua kamwe, kwa sababu risasi ya kwanza ya mazoezi hakuna anayeihesabu.

Bastola yangu ya pili ni ya kichupa cha gesi, gramu 12, ya kuchezea tu. Hapa kronografu inafundisha fizikia kuliko mwalimu. Risasi moja kila sekunde tano: nilianza 124, kufika ya kumi niko 111, na kichupa ni baridi mkononi. Kaboni dioksaidi iliyo kimiminika hunyonya joto inapogeuka gesi, na msukumo wake hufuata joto: bar 57 hivi kwenye nyuzi 20, bar 35 kwenye nyuzi sifuri. Nikasubiri dakika mbili, ikarudi 122. Nilikuwa nikidhani kichupa kimeisha na kukitupa kikiwa bado na gesi. Nimetupa vingapi, sitaki kuhesabu.

Peleti pia nimezilinganisha, harakaharaka. Zile za gramu 0.45 zilikwenda 159, za 0.53 zikaenda 150. Usidanganyike na wepesi. Nguvu unaipata kwa kuzidisha gramu kwa mwendo, mara mwendo tena, kisha unagawanya kwa 2000, na jibu ni jouli. Nyepesi 5.7, nzito 5.96. Hesabu hii si ya mchezo kwa waishio kwenye nchi zenye kikomo. Uingereza bastola ya hewa ina mpaka wa futi-pauni 6, yaani karibu jouli 8.1, na Ujerumani ni jouli 7.5 kwa silaha za hewa zisizohitaji kibali. Anayechezea springi au regyuleta bila kronografu hajui yuko upande gani wa mstari.

Manung'uniko yaliyobaki ni madogo. Skrini inatazama juu, kwa hiyo kila risasi naweka bastola chini, nainuka, nasoma, narudi. Betri ikianza kufa haikuonyi, inaanza tu kuruka risasi moja moja, nawe unaanza kulaumu taa ambazo hazina kosa. Fito za akiba zingekuwemo kwenye boksi ningewashukuru. Yangu moja ni kijiti cha mshikaki.

Nyota nne kati ya tano. Mwenzangu wa ubishi anasema regyuleta ni dalili kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, bastola imechoka. Jumamosi analeta ya kwake tuipime.