Deikea ya mwanangu na kikopo cha miswaki

Jina la kituo sitaji, wenye watoto pale watakijua tu. Kilichonivuta ni hiki: kila mtoto anapeleka mswaki wake, na wakishakula cha mchana wanapiga mswaki wote pamoja. Hela ya dawa ya meno tunachangia kila muhula, na si hela ndogo.

Juzi kati hapa nikawahi kumfuata binti yangu, nikapitiliza hadi kwenye masinki. Miswaki ya watoto wote imerundikwa kwenye kikopo kimoja, vichwa vimegusana, chini maji yametuama yana utelezi mweupe. Jina la mwanangu limeshabanduka. Dada anaweka dawa kwa kuburuza mdomo wa tyubu mswaki hadi mswaki, na katoto ka miaka miwili kanajaziwa kama mtu mzima! Wa umri ule kiasi cha punje ya mchele kinamtosha, maana anameza. Akifika miaka 3 ndiyo unamwekea kama njegere.

Nikaenda kwa Madam, mkuu wa kituo, kwa heshima zote, shikamoo nikatoa. Hata uso hakuinua. "Mama Nasra, unajisumbua bure. Hayo meno ya utoto, yatang'oka tu."

Yatang'oka tu! Mtu analea watoto wa watu! Ya mbele sawa, kwenye miaka 6 au 7 yanaanza kuachia. Magego je? Yanakaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12, ndiyo anayotafunia, ndiyo yanayoshika nafasi ya yale ya ukubwani. Tena kwenye miaka 6 gego la ukubwani linachomoza kule nyuma bila jino lolote kung'oka, wazazi tunadhani nalo la utoto. Likioza hilo, hakuna la akiba. Nikamweleza yote. Akanijibu, "Wazazi wa siku hizi mnasoma sana simu." Nilitoka natetemeka. Na bado sijagusa juisi za boksi na biskuti wanazopewa baada ya huo mswaki.

Nilikuwa nimeshabonyeza nyota moja kati ya tano kukipima kituo. Shida ni kwamba huyu mtoto nyumbani halali bila kupiga mswaki, na akimaliza anatema tu, hasukutui, ili floraidi, ile kinga ya kuoza iliyomo kwenye dawa, ibaki kwenye meno. Baba yake akisukutua anakaripiwa. Na aliyemfundisha ni yule yule dada wa kikopo! Nikamvuta pembeni, kumbe ameomba kishikio cha miswaki tangu mwaka unaanza, anaambiwa subiri. Siku chache baadaye nikakuta katoboa dumu tupu la maji, kila mswaki umesimama kwenye tundu lake, jina kwa kalamu isiyofutika.

Basi dada nampa tano. Madam hata nusu hapati. Kituo tuseme mbili, haya, tatu, juisi zikiondoka. Mtoto simhamishi kwa sasa. Ila mchango wa muhula ujao haupiti ofisini: dawa nanunua mwenyewe, namkabidhi dada mkononi.