Raifo ya .22 kwa shabaha za mbali: ipi ninunue kwanza?

Ukiwa na dola 1,500 za kuanzia mchezo huu hapa Marekani, usizimalize zote kwenye bunduki. Wengi hutoka dukani na mtutu wa maana kisha wakakosa hela ya darubini na risasi, na kwenye .22 Long Rifle risasi ndizo zinazoamua.

Kwa kaliba hii, mbali ni yadi 100 hadi 300. Risasi ya kawaida ya mashindano ina uzito wa gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa takriban mita 326 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Ukiirekebisha bunduki ipige katikati kwenye yadi 50, ikifika yadi 200 risasi imeshashuka zaidi ya mita moja. Zile za kasi kubwa ziache. Huanza juu ya mwendo wa sauti, kisha hushuka chini yake zikiwa bado njiani, na hapo ndipo huanza kuyumba.

Kabla ya kuchagua, angalia hali yako ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho humzuia isipokuwa ana kibali kinachokubalika, kama leseni halali ya uwindaji. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, na kudanganya humo ni kosa la jinai. Majimbo nayo yana masharti yake, kwa hiyo uliza ya kwako mapema.

Namba moja kwangu ni CZ 457, inayotengenezwa Uherský Brod, Ucheki. Mtutu wake hubadilishwa nyumbani kwa kulegeza skrubu chache, kwa hiyo ukichakaa au ukitaka ulio mzito zaidi, hununui bunduki nyingine. Komeo la kupakia risasi hunyanyuka nyuzi 60 tu, mkono haugongi darubini, na triga unaweza kuirekebisha. Tafuta toleo la MTR au LRP. Chemba zake, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, ni za mashindano, zimebana, na risasi inakaa imenyooka kabla hujafyatua. Tofauti hiyo utaiona kwenye karatasi.

Tikka T1x ya Ufini inaifuata kwa karibu sana. Komeo lake linateleza kuliko yote ninayoyapanga hapa, na vitako vingi vya T3x, ndugu yake mkubwa, vinaiingia. Ni nyepesi, jambo zuri kwa kutembea nayo porini lakini si zuri unapolenga juu ya kizuizi kinachotikisika. Kama bajeti imebana, chukua hii bila wasiwasi.

Ya tatu ni Bergara B-14R ya Uhispania. Imefuata vipimo vya Remington 700, na kwa hiyo soko zima la vitako na triga za bunduki hiyo liko wazi kwako. Ningeipa nafasi ya kwanza kwa mtu ambaye tayari ana 700 kubwa na anataka mazoezi ya bei nafuu kwa kitako kilekile.

Ruger Precision Rimfire naiweka ya nne. Inakuja na kitako kinachorekebishika, magazini ya risasi 15 na reli ya kufungia darubini iliyoinama tayari. Savage Mark II ni ya kuonja mchezo kwa hela kidogo. Vudoo V-22 ni bora kweli, lakini bei yake ni ya anayeshindana kila mwezi.

Darubini yako iweze kulenga sawasawa kuanzia yadi 25, maana NRL22, mashindano ya raifo za .22 hapa Marekani, yana shabaha za karibu hivyo. Bunduki isiyo na reli iliyoinama dakika 20 au 30 za pembe (dakika 60 ni nyuzi moja) inunulie, la sivyo kwenye yadi 300 darubini nyingi zitaishiwa nafasi ya kupandisha. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, kwa sababu risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja.

Sasa risasi zenyewe. Hizi huwezi kuzijaza upya nyumbani kama za raifo kubwa, unategemea kiwanda tu. Risasi mbili zikipishana mwendo kwa mita 9 kwa sekunde, kwenye yadi 200 zitaachana karibu upana wa kiganja, hata ukilenga vizuri namna gani. Nunua boksi mojamoja za SK Standard Plus, Lapua Center-X na Eley Match, piga makundi ya risasi tano kwenye yadi 50, uone mtutu wako unapenda ipi. Ukishaijua, soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi na ununue katoni nzima ya namba hiyohiyo. Lapua wana vituo vya kupimia Mesa, Arizona, na Marengo, Ohio: unawapelekea bunduki, wanajaribu matoleo kadhaa, nawe unanunua lile lililokusanya vizuri zaidi.