Katuni za Mashujaa Zilizosahaulika: Ipi Uinunue Kwanza

Mtu anayetaka kununua katuni za zamani za mashujaa wa Marekani huuziwa karibu kila mara vitabu vilevile vitatu au vinne, ambavyo filamu zimekwisha kuvipigia debe. Mwongozo huu unahusu vile vilivyobaki nyuma ya rafu. Nimevipanga kwa kipimo kimoja: je, kitabu kina tukio ambalo msomaji atalirudia, akaufungua ukurasa ule ule hata baada ya kuijua hadithi nzima? Uhaba wa toleo sikuupa uzito, kwa kuwa toleo adimu ambalo mwenyewe anaogopa kulifunua ni pambo la sebuleni.

Nafasi ya kwanza naipa Panther's Rage, hadithi ya Black Panther iliyotoka katika jarida la Jungle Action, toleo la 6 hadi la 18, kati ya mwaka 1973 na 1975. Kabla ya hapo jarida hilo lilikuwa likichapisha upya hadithi za kale za Wazungu wanaotamba katika misitu ya Afrika, ndipo mwandishi Don McGregor akapewa nafasi ya kuihamishia hadithi Wakanda kwenyewe, ufalme wa kubuni wa Afrika anakotoka Black Panther. Wachoraji wake wakuu walikuwa Rich Buckler na Billy Graham, na huyu wa pili alikuwa miongoni mwa wachoraji wachache weusi katika kazi hiyo wakati huo. Mfalme T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, anarudi nyumbani kutoka Marekani na kukuta uasi unaoongozwa na Erik Killmonger, ambaye katika sura ya kwanza tu anamshinda nguvu na kumtupa kwenye maporomoko ya maji. Tangu hapo mwili wa mfalme haupumziki: anajeruhiwa, vazi linachanika, na sura inayofuata inaanza akiwa bado na maumivu ya ile iliyopita.

Ukurasa ninaourudia, hata hivyo, uko karibu na mwisho. Mfalme na mwasi wamekutana tena palepale juu ya maporomoko, mfalme ameelemewa, na msomaji anasubiri ile nguvu ya ghafla ambayo mashujaa huipata dakika ya mwisho. Haiji. Anayekuja ni Kantu, mtoto mdogo ambaye vita vilimwachia uyatima, naye anamsukuma Killmonger mpaka anaanguka. Mfalme ameokolewa, lakini na mtoto aliyelazimika kuua. Ni mwisho mchungu, na umeandikwa katika jarida lililouzwa kwa watoto.

Kasoro zipo. McGregor hana breki: maelezo ya msimulizi yanajaza visanduku hadi mchoro unakosa hewa, na majina yaliyokatwakatwa kwa alama za ritifaa yatamchekesha msomaji yeyote anayezungumza lugha ya Kibantu. Nunua juzuu la jalada laini katika mfululizo wa Epic Collection, ambalo linafika hadi toleo la 24 na hivyo lina pia hadithi ya Black Panther dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa Marekani; ujue tu kwamba hiyo ya pili ilikatishwa njiani jarida liliposimamishwa.

Ukishikilia kutafuta matoleo ya awali, fungua ukurasa wa barua za wasomaji kabla ya kutoa pesa. Mwaka 1974 na 1975 Marvel, kampuni iliyotoa jarida hilo, ilikuwa ikichapisha humo stempu ndogo za kukata na kubandika, na watoto walizikata kweli. Toleo langu moja, nililouziwa kwa maneno kwamba ni zima, lina dirisha la mstatili lililokatwa kwa mkasi butu, na kilichokuwa nyuma ya stempu kimekwenda nayo. Karatasi yenyewe ni ya gazeti, inageuka manjano na kuvunjika pembeni, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja unyevu utaimaliza haraka zaidi pamoja na pini zake za chuma.

Nafasi ya pili ni Squadron Supreme ya Mark Gruenwald, matoleo 12 ya mwaka 1985 na 1986. Mashujaa wanaamua kuitawala Marekani kwa mwaka mmoja ili kuondoa njaa, silaha na uhalifu, na mwenzao Nighthawk anajitenga nao. Siku wanapoutangazia umma mpango wao, yeye yuko pale na risasi pekee inayoweza kumuua kiongozi wao Hyperion, na anashindwa kufyatua. Tukio baya zaidi ni dogo: Golden Archer, mmoja wa mashujaa hao, aliyekataliwa na mwenzake Lady Lark, anamwingiza kwa siri katika mashine iliyobuniwa kurekebisha wahalifu, na mwanamke anatoka akimpenda kupita kiasi. Michoro ni ya kawaida, wakati mwingine chini ya kawaida, lakini wazo ni kali. Gruenwald alifariki mwaka 1996, na kwa wosia wake majivu yake yalichanganywa na wino wa chapa ya kwanza ya kitabu hiki, kwa hiyo wakusanyaji huiwinda chapa hiyo. Kwa kusoma, chapa yoyote ya baadaye inatosha.

Ya tatu, The Death of Captain Marvel ya Jim Starlin, 1982, ni fupi na inasomeka kwa kikao kimoja. Shujaa anakufa kwa saratani, kitandani, huku wenzake wenye kila aina ya nguvu wakisimama bila la kufanya. Adui zake Skrull, viumbe wa sayari nyingine, wanatuma mjumbe kumpa nishani. Chagua juzuu lenye pia toleo la 34 la jarida la Captain Marvel, la mwaka 1974, ambamo anavuta gesi iliyomletea ugonjwa.

Ya nne siwezi kukushauri uiagize. Powerman ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya soko la Nigeria katikati ya miaka ya 1970, ikichorwa na Dave Gibbons na Brian Bolland kabla hawajapata jina. Shujaa ni Mwafrika na hadithi ni nyepesi mno, ila ukiikuta kwenye rundo la vitabu vya mtumba, usiende kwanza nyumbani kufikiri.