Mafuta ya Parachichi ya Tukuyu kwa Nywele za Kipilipili: Wiki Nane za Baridi ya Mbeya

Mugonile, ndugu zangu, karibuni tena. Niko nyumbani Uyole, ni asubuhi, na mkiniona na khanga mbili juu ya sweta mjue baridi bado haijatuachia. Nywele nimeziacha hivi makusudi. Tangu juzi sijazipaka kitu, nataka mzione zilivyo kabla sijaanza kusifia chochote.

Chupa yenyewe hii hapa. Mafuta ya parachichi, au makatapera kama tunavyoyaita huku kwetu, mililita 100. Nimeyanunua Tukuyu kwa mama mmoja anayekamua mwenyewe, shilingi elfu nane. Hayana nembo wala boksi zuri, yana karatasi tu iliyoandikwa kwa kalamu, na juu yake tarehe ya kukamuliwa. Ile tarehe ndiyo iliyonifanya nitoe hela. Nitawaambia kwa nini.

Nimeyatumia wiki nane, kuanzia katikati ya mwezi wa sita. Kichwa nilikigawa pande mbili. Kushoto parachichi, kulia mafuta ya nazi niliyoyazoea miaka yote. Shampuu moja, kondishena moja, siku za kuosha zilezile, ili nikiona tofauti nijue inatoka wapi.

Nianze na nazi, maana ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu. Wenzetu wa Dar na Tanga wakikupa ushauri wa nywele, neno la kwanza ni nazi, na kwao wako sahihi kabisa. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa saba joto linashuka chini ya nyuzi 10. Chupa inakuwa jiwe. Unakwangua na kijiko, unasugua viganjani mpaka yayeyuke, unapaka, halafu yakigusa nywele zilizoloweshwa maji ya baridi yanaganda tena hukohuko. Sogeeni muone hapa upande wa kulia. Huu weupe uliokaa kwenye mikunjo si mba. Ni nazi. Nimekutana na dada wa watu amenunua dawa ya mba mara tatu kwa sababu ya kitu hikihiki, na iliniuma, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Parachichi halikuganda hata siku moja. Kuna asubuhi chache liliingia kama ukungu ndani ya chupa, lakini lilimiminika. Matone matano viganjani yanatosha robo ya kichwa changu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Mafuta si maji. Mafuta hayalainishi nywele iliyokauka, yanafunga maji yaliyomo yasitoke. Nywele zetu zina mikunjo mingi, na kila mkunjo ni kona. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kirahisi mpaka kwenye ncha kama yanavyoteleza kwenye nywele iliyonyooka. Ndiyo maana mizizi inaweza kuwa na mafuta na ncha zikawa kavu kama nyasi za kiangazi. Na kiangazi chetu mnakijua, toka mwezi wa tano mpaka wa kumi hakuna mvua ya maana, upepo wa mlimani unapiga mchana kutwa. Ukipaka mafuta juu ya nywele kavu, umefungia ukavu ndani.

Angalieni ninavyofanya. Maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya kupulizia. Napuliza fungu hili mpaka lilowe, halitiririki lakini ukishika unasikia maji. Kondishena ya kuacha kichwani, kidogo, saizi ya punje ya harage. Halafu ndiyo parachichi, kuanzia ncha kupanda juu, siyo kuanzia juu. Nasokota twisti mbili, basi. Fungu moja dakika tatu.

Upande huu wa kushoto, siku ya nne bado ulikuwa mlaini, chanuo la meno mapana linapita bila kuvutana. Upande wa nazi, siku ya pili jioni tayari ulikuwa unalia kwenye chanuo. Nilikuwa natunza nywele zinazotoka kwenye chanuo kila nikichambua, kulia kwake na kushoto kwake, na kuanzia wiki ya tatu kirundo cha upande wa nazi kilikuwa kikubwa waziwazi. Hiki ni kichwa kimoja, changu. Nywele zako zinaweza kusema jingine.

Lakini siitupi nazi. Kuna kazi inafanya ambayo mafuta mengi hayaiwezi, inaingia ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na nazi peke yake ndiyo iliyopunguza vizuri upotevu wa protini wakati wa kuosha. Kwa hiyo mimi sasa chupa ya nazi naitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, napaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, asubuhi naosha. Nazi kabla ya maji, parachichi baada ya maji. Hapo kila moja imepata kazi yake, na ya kuganda haikusumbui tena kwa sababu inaoshwa.

Wenye mba ya kweli, naomba mniamini kwenye hili. Msipake mafuta haya kwenye ngozi ya kichwa. Kuna fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, chakula chao ni mafuta, na wanapoyavunja hubaki asidi ya oleiki, ambayo kwa mwenye mba ndiyo inayowasha na kumenya ngozi. Parachichi lenyewe, sehemu kubwa ya mafuta yake ni asidi hiyohiyo. Kwa hiyo unapaka kichwa ili kitulie, kumbe unakichochea. Pakeni kwenye nywele, mizizi muiache. Ikizidi, nendeni hospitali mkapate dawa ya fangasi.

Jingine. Nimeona chupa sokoni Mwanjelwa zimeandikwa kwamba zinarefusha nywele kwa wiki mbili. Nywele hukua kama sentimita moja hivi kwa mwezi, mafuta hayawezi kuifanya ikimbie. Yanachoweza ni kuzuia ile sentimita isikatike kule mwisho. Mtu anayesema nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua, ila zinakatika kwa kasi ileile.

Na huku kwetu zinakatikia kwenye mzula. Kila mtu Mbeya ana mzula wa sufu, mimi mwenyewe sitoki bila wangu. Sufu inanyonya mafuta na kusugua ncha kutwa nzima. Dawa yake ni kitambaa cha satini ndani ya mzula. Nenda kwa fundi, nunua kipande, mwambie akushonee kwa ndani. Katika vitu vyote nilivyofanya msimu huu, hicho kilichogharimu kidogo ndicho kilichosaidia zaidi, kukishinda hata chupa hii ninayoisifia.

Ushauri wa kununua. Mafuta ya parachichi ambayo hayajasafishwa kiwandani ni ya kijani, kijani cha majani kabisa. Rangi hiyo ndiyo inayofanya mwanga uyaharibu haraka. Chupa nyeupe inayopitisha mwanga, iliyopangwa mezani juani tangu asubuhi, iacheni hata kama ni bei nusu. Fungueni kifuniko mnuse. Mazuri yana harufu ya mbichi, kama umepasua katapera. Yaliyokaa yananuka karanga za zamani. Ndiyo maana ya tarehe kwenye karatasi. Mimi yangu nimeyahamishia kwenye chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi niliyoiosha na kuikausha vizuri, inakaa kabatini.

Mwenye bajeti ndogo ataniuliza, si nisage tu katapera nipake? Tuna miti uani, najua. Nilijaribu mwaka jana. Nyama ya tunda haiingii kwenye unywele, inakaa juu, na vipande vyake nilivitoa kwa siku mbili, kimojakimoja. Kuleni.

Kitu cha mwisho kwa wadogo zangu mliomaliza kidato cha nne. Wengi tumenyolewa darasa la kwanza mpaka tunamaliza, miaka kumi na moja, halafu siku moja zinaanza kuota na hujui uzishike vipi, na saluni ya kwanza unayoingia wanakwambia hizi ngumu, weka dawa. Mimi niliwekwa, nikaungua juu ya sikio hili, alama ipo mpaka leo. Hizi hazikuwa ngumu. Zilikuwa kavu, na mimi sikuwa nimefundishwa. Muulize bibi yako akusuke nywele za uzi. Uzi mweusi, unazungushwa kuanzia shinani mpaka nchani, nywele inanyooka bila moto wowote na inakauka ikiwa imelindwa. Osha asubuhi jua likiwepo, zikauke kabla ya jioni, kwa baridi hii usilale na kichwa kibichi. Paka parachichi kabla ya kufunga uzi, fungua baada ya siku tano.

Mimi hapa chini nimebakiwa na mafuta kama haya, vidole viwili kutoka chini. Kwa wiki nane, nusu ya kichwa, urefu unaogusa mabega zikivutwa. Kuanzia leo upande wa kulia nao naupaka parachichi. Ngoja nichukue chupa ya maji tuanze pamoja. Ndaga fijo kwa kukaa nami.