Walimnyima mama mdogo maji, Engaresero

Wiki kadhaa zimepita na hasira bado ninayo. Nilisema nisubiri ipoe ndipo niandike. Haipoi, basi naandika hivyo hivyo.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na mama mdogo aliyeteremka kutoka Machame, kule kwenye baridi ya Kilimanjaro, siku moja kabla kwa ajili ya safari hii tu. Ana miaka sitini na kitu. Tangu mdogo wangu amwonyeshe picha za maporomoko ya Engaresero, kule karibu na Ziwa Natron, kila akipiga simu anauliza tunakwenda lini. Kagari ketu hakaiwezi ile barabara, kwa hiyo nikatafuta kampuni ya hapa Arusha inayochangisha watu kwenye Landkruza moja. Wengine wanne walikuwa wageni kutoka ng'ambo. Na mjue: pesa ya gari tulilipa sawasawa na wao, niliwauliza njiani wakanitajia. Tulichopunguziwa sisi Watanzania ni ushuru wa mageti, na huo hauingii mfukoni mwa kampuni.

Mimi ni mtu wa kujiandaa. Arusha tuko juu, mita 1,300 na zaidi, halafu unashuka mpaka Natron, kama mita 600 tu, joto likiamua linagonga nyuzi 40. Kwa hiyo niliuliza kila kitu: viatu gani, kofia, chakula, maji. Hasa maji, kwa sababu ya mama mdogo. Jibu lilikuja kwa sauti, na ile sauti ninayo mpaka leo kwenye simu: "Maji yapo dada, usibebe mzigo, gari lina deli kubwa." Katoni niliyokuwa nimeshanunua nikaiacha juu ya meza ya jikoni. Mto wa Mbu tuliposimama watu wanunue ndizi nyekundu, nikamuuliza tena kijana muongozaji wa kampuni, tuliyekuwa naye garini, kama nichukue maji pale dukani. Akasema nisipoteze hela.

Barabara kutoka Mto wa Mbu kwenda kaskazini ni vumbi na mawe, na ukishapita Engaruka unaona mlima wenyewe umesimama peke yake, Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, ile volkano iliyolipuka mwaka 2007, mwaka ambao ardhi ilitutetemesha mpaka Arusha. Mama mdogo aliuangalia muda mrefu bila kusema neno.

Matembezi yenyewe nayaeleza kwa heshima yake, kwa sababu hayana kosa. Kijijini tulipewa kijana wa Kimaasai wa kutuongoza. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwambia mama mdogo shikamoo, cha pili ni kumpokea mkoba. Unaingia kwenye korongo ukiwa umetoka kwenye ardhi kavu isiyo na jani, na ghafla kuna mto, kuna mitende pori, kuna kijani kibichi kimejibana kati ya kuta mbili za mwamba. Msitu mwembamba kama utepe, pembeni yake kote jangwa. Mto mnauvuka mara kadhaa, mahali pengine maji ni ya magoti, mahali pengine ya mapaja, na kuna sehemu unapita umekumbatia jiwe. Yule kijana alikuwa anachomeka fimbo yake majini kwanza, anapima, kisha anageuka na kumpa mama mdogo mkono. Kila mahali. Hakuchoka hata mara moja. Tulipofika chini ya maporomoko, mama mdogo alivua kilemba, akaingia na kitenge chake, akasimama maji yakimpiga mabegani, macho ameyafumba. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu baba mdogo afariki.

Viatu, kwa anayepanga kwenda: vaeni vya mikanda vinavyofungwa nyuma. Kandambili za mdogo wangu zilichukuliwa na mto.

Sasa. Tunarudi kwenye gari, jua la saa saba liko utosini. Mama mdogo amekaa chini ya mgunga wenye kivuli cha kuunga-unga, midomo imemkauka, mikono inamtetemeka kidogo. Nyuma ya gari deli liko wazi, nimeliona kwa macho yangu, chupa zimepangana, jasho la baridi linazitiririka. Wageni wanne wameshapewa. Mama mdogo akanyoosha mkono. Yule kijana muongozaji wa kampuni akashusha mfuniko, pa! Akasema, "Mama, haya ni ya wageni."

Mama mdogo akamuuliza kwa upole, "Na mimi mwanangu?"

"Ninyi ni wenyeji, mmezoea."

Amezoea nini? Mtu wa Machame amezoea nini cha Natron? Kwanza hata shikamoo yake hatukuisikia tangu alfajiri. Binti mmoja kati ya wale wageni alielewa bila hata kujua lugha, akamletea mama mdogo chupa yake aliyokwisha kuinywa nusu, na kijana akajaribu kumzuia! Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira.

Dereva, mtu mzima, hakuwepo pale, alikuwa anaangalia tairi upande wa pili. Alipoambiwa hakujibu kitu. Tulipofika Engaruka alisimamisha gari kwenye kiduka, akashuka, akarudi na chupa nne za maji ya moto-moto kwa sababu friji haikuwepo. Pesa yake mwenyewe. Akampa mama mdogo, akasema, "Dada yangu, nisamehe." Mama mdogo akamjibu, "Kwetu maji ya mfongo yana zamu. Ya kunywa hayana zamu." Mfongo ni mfereji wa kumwagilia mashamba. Hakuongea tena mpaka Makuyuni.

Nilipiga simu ofisini kesho yake. Wakaniambia bei ya wakazi haina maji. Bei gani ya wakazi, wakati nimelipa sawa na wengine? Nikawatumia ile sauti yao wenyewe. Kimya. Baada ya siku kadhaa wakaja na pole, na ahadi ya kutupeleka tena bure nikikubali kutoandika chochote. Nimekataa, ndiyo maana mnasoma.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika nyota moja na neno "msiende nao". Kisha nikamfikiria yule dereva, kwamba nikiwaharibia biashara yeye ndiye atakayekosa safari kabla ya mwenye ofisi. Nikaweka mbili. Halafu nikakumbuka ule mfuniko wa deli ulivyolia, nikarudisha moja. Imebaki moja.

Engaresero yenyewe nendeni, hata kesho. Mama mdogo alipiga simu jana anauliza tunarudi lini. Namba ya dereva ninayo, nimemuuliza kama anaweza kupata gari la mtu mwingine Jumapili moja, amesema ataangalia. Dumu la lita ishirini nimeshalinunua.