Google Maps kwa kuwachunguza washindani wa keki Dar: uzoefu wangu

Kwa kujua nani yuko jirani na wewe, Google Maps naipa nyota nne. Kwa kujua anauza shilingi ngapi naipa moja, tena kwa huruma.

Ukiandika "keki Dar es Salaam" utaletewa wakubwa wa Masaki na Mikocheni, ambao hawakuhusu kama wateja wako wako Tabata. Andika "keki Tabata", kuza ramani mpaka usome majina ya mitaa, kisha bonyeza "Tafuta eneo hili". Sogea Segerea, bonyeza tena, Kinyerezi hivyohivyo. Ukiitazama ramani kwa mbali, maduka madogo hayajitokezi. Rudia kwa "cake" na "bakery", maana wengi wamejiandikisha kwa Kiingereza.

Maoni yapange mapya yatangulie, halafu soma ya nyota mbili na tatu. Humo ndimo mteja anafunguka: keki ilichelewa, krimu iliyeyuka kwenye bodaboda, jina la mtoto lilikosewa. Nyota tano zisizo na neno lolote, za akaunti iliyowahi kutoa maoni mara moja tu, mimi huzipita. Tazama pia tarehe ya picha ya mwisho, kwani duka lililohama linaweza kubaki kwenye ramani muda mrefu. Ile chati ya saa za msongamano usiitegemee. Kwa vibanda vidogo mara nyingi haipo.

Kasoro kubwa ni kwamba wanaooka nyumbani wengi hawana pini (alama ya mahali kwenye ramani) kabisa. Hao wako Instagram. Kwenye Google andika site:instagram.com keki Tabata, chukua namba ya simu iliyo kwenye ukurasa, uitafute ndani ya alama za kunukuu: kwanza ikianza na 0, kisha na +255. Hapo ndipo unaweza kugundua "maduka" matatu ni mtu mmoja.

Maktaba ya Matangazo ya Meta, tovuti inayoonyesha matangazo yanayolipiwa Facebook na Instagram, ni bure. Chagua Tanzania, andika jina la ukurasa. Kiasi alicholipa mshindani hukioni, ila tarehe ya kuanza ipo. Tangazo linalolipiwa miezi mfululizo huenda linamrudishia hela yake.

Bei sasa: jibu ni "njoo DM", yaani uulize kwa ujumbe wa faragha. Intaneti imegota hapo. Piga simu kama mteja, ulizia keki ya kilo 2 ya krimu, bila fondanti (tabaka la sukari la kufunika keki), iliyofikishwa mlangoni. Anayetaja bei ya kilo peke yake huonekana nafuu mpaka ujumlishe boksi, topa (pambo la juu ya keki) na nauli ya boda.