Miguu ya springi ya alumini kwenye ndege ya kujiundia: uzoefu wangu hapa Mombasa

Seti hii ya miguu ya kutulia inafaa pwani, ila usiifunge kama inavyotoka sandukuni. Bamba lenyewe ni kazi safi sana. Kinacholiangusha ni mabano, bolti, na karatasi ya maelekezo.

Nimeifunga kwenye ndege ya viti 2 yenye mwili wa bati la alumini, gurudumu la tatu likiwa puani, uzito wa juu kilo 500. Mguu ni bamba moja la aloi ya 7075-T6 (7075 ni aina ya alumini ngumu, T6 ni jinsi ilivyokomazwa kwa joto) linalopita chini ya tumbo kutoka tairi hadi tairi: upana milimita 110, unene 16, uzito kilo 9 na ushei. Ukilinganisha na miguu ya mabomba ya chuma na kamba za mpira, hapa hakuna mpira wa kuliwa na jua wala bomba la kushika kutu kwa ndani. Lakini springi haina shoku ya kuituliza inaporudi, kwa hiyo ukishuka kwa nguvu ndege itadunda. Hilo ni umbile la springi, halirekebishiki kwa kukaza kitu.

Sasa mabano, na hapa ndipo pesa yako itapona au itapotea. Bamba hushikwa na mabano 2 yaliyowekewa mpira wa milimita 3. Mpira ule hunyonya unyevu wa chumvi na kuukumbatisha kwenye alumini. Chumvi hutoboa vishimo vidogo, na ukingo wa bano ndipo bamba linapopindwa zaidi ya mahali pengine popote. Kishimo kimoja pale kinatosha kuanzisha ufa. Kabla ya kufunga, nilisugua bamba kwa msasa namba 400, nikifuata urefu wake tu, kwa kuwa mkwaruzo wa kukata upana ni mwanzo wa ufa. Kisha praima ya epoksi tabaka 2, rangi ya poliyurethani juu, na silanti ya ndege kuzunguka kingo zote za mpira ili maji yasipate mlango. Kila miezi 12 fungua mabano, toa mpira, kagua kwa kioo cha kukuzia. Bamba lenye ufa halichomelewi, 7075 haikubali, linatupwa.

Tena nawasihi: msilipeleke bamba hili kwenye karakana ya rangi ya unga. Rangi ile huokwa kwa nyuzi 180 hadi 200 za selsiasi, ilhali ugumu wa T6 hupatikana kwa kuivisha aloi kwenye nyuzi 120 hivi. Bamba litatoka linang'aa, nguvu zimepungua, na kwa macho hutajua. Kwa sababu hiyo hiyo usilipashe moto ili kulinyoosha, wala usitoboe tundu la kupitishia paipu ya breki; paipu ifungwe kwa vibanio.

Bolti za ekseli zilizokuja na seti hazikuwa na alama yoyote kichwani. Nilizitupa zote 8. Bolti ya chuma ya AN, yaani ya kiwango cha ndege, ina msalaba au nyota kichwani, na hapa panataka AN4, yaani robo inchi, 4 kila upande. Nati kaza nyutoni-mita 5.6 hadi 7.9, uzi ukiwa mkavu. Bolti za stenlesi za dukani zinavutia kwa kung'aa, lakini stenlesi ikigusana na alumini penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Chagua zilizopakwa kadimiamu.

Mwelekeo wa matairi upimwe ndege ikiwa na uzito wake wa kuruka, kwa kuwa miguu hutanuka ikibeba mzigo. Weka kila tairi juu ya vibati 2 vyenye grisi katikati, isukume ndege mbele na nyuma kidogo ili miguu itulie, ndipo uweke rula ndefu ubavuni mwa tairi. Kwenye rula ya milimita 400, tairi likipinda nusu digrii, ncha ya rula husogea milimita 3.5. Tairi langu la kushoto lilikuwa limetazama nje digrii 1. Nililirudisha kwa shimi ya mshazari (kipande chembamba cha kujazia, kinene upande mmoja) kati ya bamba na ekseli, upande mnene ukikaa nyuma. Ukiliacha vile, tairi hulika upesi na ndege huyumba wakati wa kusi, upepo ukija wa ubavuni.

Breki za diski zinashika vizuri. Kosa liko kwenye karatasi: imeandika utie mafuta yoyote ya breki. Sili zake ni za mpira wa nitrile, zinazotaka oili nyekundu ya madini, ile ya haidroli ya ndege iitwayo 5606. Ukitia mafuta ya breki ya magari, yenye alama ya DOT, sili huvimba, pistoni hung'ang'ania, diski hupata moto, na ndege huvuta upande mmoja. Toa hewa kwa kusukuma oili kutoka kwenye kalipa chini kwenda juu kwenye kikopo cha oili, mpaka mapovu yaishe.

Ukitaka kufungua rimu, ambayo ni vipande 2, toa upepo wote wa tairi kwanza na uchomoe vali kabisa. Bolti za rimu zikilegezwa tairi likiwa bado limejaa, vipande hivyo huachana kwa nguvu ya kuvunja mkono.